Uzi: Mafua yameingia, swali ni bakteria gani alishakuwa ndani kabla yake

Benchi la Tatu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu msimu wa baridi uliopita, leo niko off nimeona niutoe, utakuwa mrefu mnivumilie. Mimi ni mtu wa maabara, sio daktari, nimekaa benchi la bakteria miaka kumi na moja sasa, kwa hiyo nitaongea zaidi kuhusu hawa wadudu ninaowaona kila siku, siji hapa kumwandikia mtu dawa.

Kilichonifanya nianze kufuatilia. Mtoto wa mdogo wangu, wakati huo ana mwaka na miezi miwili, alipata mafua ya kawaida tu, makamasi mepesi, chafya, homa ya jioni, nyumba nzima walikuwa nayo. Siku ya nne akachangamka, anacheza, uji anamaliza kikombe. Siku ya sita usiku homa ikarudi ghafla tena kali kuliko ya kwanza. Mama yake akanipigia saa tano usiku, anasema kaka mtoto anapumua kama katoka kukimbia. Nikamwambia mfunue nguo, mlaze mapajani, washa saa ya simu uhesabu tumbo linapanda mara ngapi kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Akahesabu huku simu iko spika nasikia mtoto anakoroma kooni. 58. Kwa umri ule ikifika 40 tayari ni haraka. Halafu akasema chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi. Nikamwambia funga mlango mtoke sasa hivi. Kufika, kile kipimo cha kidoleni kikasoma oksijeni 87, iko chini. Akalazwa siku tano, oksijeni na sindano, akatoka mzima, Mungu mkubwa.

Sasa kitu kilichoniuma. Siku ya pili ya mafua mtoto alikuwa ameshapewa antibayotiki ya maji kutoka duka la dawa, akanywa siku mbili, wakaona nafuu wakaacha, chupa ikabaki nusu kwenye friji. Mdogo wangu tukiwa wodini akaniuliza "kaka, dawa si alikunywa mapema kabisa, imekuwaje tena nimonia?"

Nilikuwa na jibu la haraka la kwenye kitabu, kwamba mafua ni virusi na antibayotiki haiui virusi. Ila jibu hilo ni fupi mno, halielezi kwa nini mtoto alipona halafu akarudi vibaya, wala kwa nini watu kumi wa nyumba moja wanapata kirusi kilekile tisa wanapiga chafya wiki inaisha na mmoja analazwa. Nikaanza kusoma kila nikipata nafasi na nilichokuta ndo naleta hapa.

Kwanza, mapafu hayako tupu. Tulivyosoma sisi chuoni tuliambiwa pafu la mtu mzima wa afya halina mdudu, ni safi kama damu. Ule mradi mkubwa wa Marekani wa kuorodhesha vimelea wanaoishi mwilini, ulioanza 2007, hata haukuyaweka mapafu kwenye orodha ya mwanzo. Ilipofika 2010 kundi la watafiti London wakachukua sampuli ndani kabisa ya njia ya hewa, hawakuotesha kwenye sahani kama tunavyofanya sisi, walisoma vinasaba, wakakuta bakteria hata kwa watu wazima wa afya, na kwa wenye pumu mchanganyiko wake ni tofauti. Ni wachache ukilinganisha na tumboni au mdomoni, ila wapo. Wengi wanatoka mdomoni na kooni, maana ukilala mate kidogo kidogo yanateremka kifuani bila wewe kujua, mwili unawasafisha na wengine wanashuka, inakwenda hivyo maisha yako yote.

Kwa hiyo kirusi cha mafua kinapoingia hakiingii nyumba tupu. Kinakuta wenyeji. Na hapo ndo mambo yanaanza kutofautiana kati ya mtu na mtu.

Pili, kirusi kinavyowafungulia mlango bakteria. Njia ya hewa ina vijinywele vidogo sana vinavyopiga mbio kusukuma ute kwenda juu, hiyo ndo fagio yetu. Kirusi cha influenza, yaani yale mafua makali, kinaua zile seli zenye vijinywele, fagio linalala. Kingine, kina kimeng'enya kinachokata sukari zilizoko juu ya seli zetu, sukari ile ikikatwa bakteria anayeitwa nyumokokasi anapata pa kushika na pia anapata chakula, maana anaila. Na cha tatu hiki mimi kilinishangaza, mwili unapopambana na kirusi unatoa kemikali za kinga ambazo zinawafanya wale walinzi wa mapafu, zile seli zinazomeza wadudu, wapunguze kumeza bakteria. Kwenye panya wa maabara ukimpa influenza halafu ukamwekea nyumokokasi, hatari inakuwa kubwa zaidi kama siku ya saba hivi. Sasa rudi kwa mtoto wetu, nafuu siku ya nne, homa siku ya sita. Sisemi nina uhakika kwake, kirusi hakikupimwa, ila niliposoma hiyo siku ya saba nilisimama kwanza.

Huyu nyumokokasi namjua vizuri. Unampanda kwenye sahani ya damu ya kondoo, unaweka kwenye mtungi, unawasha mshumaa ndani unafunga mfuniko, mshumaa ukizimika wenyewe hewa ya kaboni imeongezeka anapenda hivyo. Asubuhi unafungua, damu imegeuka kijani kuzunguka vidoa vyake, na kila kidoa kimebonyea katikati, kama kete ya drafti. Kinabonyea kwa sababu wale wa katikati ndo wazee wa koloni na wameshaanza kujipasua wenyewe. Wakijipasua wanamwaga sumu inayotoboa seli. Ukimchelewesha siku mbili unakuta sahani imekuwa makaburi, hata ukitaka kumhamisha haoti. Na huyuhuyu anakaa puani kwa watoto wetu wengi tu bila kuwadhuru, mtoto anacheza anaenda shule. Anasubiri fagio lilale.

Naendelea hapo chini, nikipata nguvu.

Nyundo Nzito

Mkuu umeandika vizuri ila mimi sikubaliani. Nikipata mafua nameza zile antibayotiki za rangi mbili siku tatu na napona kila mara, nimefanya hivyo tangu nasoma sekondari. Kama hazifanyi kazi mbona napona?

Benchi la Tatu

Unapona kwa sababu mafua mengi kwa mtu mzima mwenye afya yanaisha yenyewe ndani ya wiki, ungekunywa chai ya tangawizi siku hizohizo tatu ungeipa sifa tangawizi. Sikulaumu mkuu, hata mimi kabla sijaingia maabara nilikuwa hivyohivyo. Subiri kidogo sehemu inayofuata inakuhusu.

Tatu, na hii ndo sababu ya uzi wenyewe. Tumezoea kusema kirusi kinatangulia bakteria anafuata. Lakini bakteria waliopo KABLA nao wanaamua kirusi kitafanya nini.

Mwaka 1931 kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Richard Shope alitoa kazi yake kuhusu mafua ya nguruwe. Alichukua ute wa nguruwe wagonjwa, akauchuja kwenye chujio ambalo bakteria hapiti, kilichopita akampa nguruwe mzima: akaumwa kidogo tu. Akachukua bakteria peke yake aliyemtoa kwa wagonjwa walewale, akampa nguruwe mwingine: hakuumwa. Akawapa vyote viwili pamoja: nguruwe akaugua vibaya kama wale wa zizini. Fikiria, miaka miwili kabla hata kirusi cha mafua ya binadamu hakijapatikana (kilipatikana 1933 London, kwa kutumia wanyama wanaoitwa fereti) mtu alikuwa ameshaona kwamba ugonjwa mzito ulihitaji wote wawili.

Halafu 1987 ikaonyeshwa kitu kingine. Kirusi cha influenza kikitoka kwenye seli hakiwezi kuingia seli nyingine mpaka protini yake moja ya juu ikatwe kwanza, na mkasi wa kuikata hakina, kinategemea mikasi ya mwili wetu. Sasa baadhi ya stafilokokasi, wale bakteria wa majipu mnaowajua, wana vimeng'enya vinavyokata protini ileile. Yaani bakteria anamkatia kirusi njia. Kwenye panya waliopewa wote wawili kirusi kilisambaa mapafuni na wakafa, waliopewa kirusi pekee walistahimili vizuri zaidi.

Ila msije mkatoka hapa mnasema bakteria wote wabaya wauliwe, Nyundo Nzito hapa ndo pako. 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Yale huko Marekani, maabara ya Akiko Iwasaki, waliwapa panya antibayotiki kwenye maji ya kunywa wiki kadhaa halafu wakawaambukiza influenza. Kinga yao ikawa dhaifu, kingamwili chache, kirusi kikabaki kingi mapafuni. Wakiwarudishia vipande tu vya bakteria, hata sio bakteria wazima, kinga ikaamka. Maana yake bakteria wa kawaida mwilini wanaiweka kinga macho. Na huko China 2013 wakaonyesha stafilokokasi huyuhuyu niliyemsema vibaya hapo juu, akiwepo puani mwa panya kabla, anawatuliza walinzi wa mapafu wasije wakaunguza pafu zima wakati wa kupigana na influenza, panya wanapona zaidi. Mdudu yuleyule. Inategemea yuko wapi, kiasi gani, alitangulia au alifuata.

Kwa hiyo mkuu ukimeza rangi mbili siku tatu kwa mafua kirusi hujakigusa, umefyeka wenyeji ambao huenda walikuwa upande wako, na wale wachache waliohimili dawa ndo wanabaki na shamba lote. Panya sio binadamu, nakubali, mambo mengi ya panya hayajathibitishwa kwetu. Ila hiyo ya wale waliohimili kubaki naiona kwenye sahani kila wiki, naweka kidonge cha majaribio chenye antibayotiki juu ya sahani niliyopaka bakteria na wadudu wanaota mpaka ukingoni mwake kama vile sijaweka kitu.

Dirisha la Dawa

Niongee upande wa duka maana tunatupiwa lawama sana. Mimi nauza duka la dawa muhimu, kijijini. Mtu anakuja ana shilingi elfu moja, mtoto yuko mgongoni makamasi mpaka mdomoni, anasema nipe dawa ya kifua. Nikimwambia mama huyu hana homa, anapumua vizuri, mpe maji mnyonyeshe msafishe pua, ananiangalia kama namnyima. Anatoka anavuka barabara anaenda kwa mwenzangu anapewa. Mwezi unaofuata haji tena kwangu. Na wengine wanataka vidonge vinne tu, "nipe vya mia tano". Nimekuwa najitahidi kukataa lakini kwa kweli ni ngumu, bosi mwenye duka anahesabu mauzo.

Swali langu, nimtofautishe vipi huyu wa kumrudisha nyumbani na huyu wa kumkimbiza zahanati? Maana kipimo sina.

Benchi la Tatu

Dirisha la Dawa nakuheshimu sana kwa kusema wazi, mtu kama wewe ukihesabu pumzi unaokoa watoto kuliko mimi na sahani zangu. Huhitaji mashine. Mtoto awe ametulia, sio analia wala ananyonya, hesabu dakika nzima. Chini ya miezi miwili ikifika 60, miezi miwili mpaka kumi na moja ikifika 50, mwaka mmoja mpaka mitano ikifika 40, huyo aende zahanati siku hiyohiyo. Kifua kubonyea chini ya mbavu, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea hataki kuamka, midomo kuwa ya bluu, huyo hakuna kusubiri kesho. Na yule aliyepata nafuu halafu homa ikarudi, mrudishe akaonwe hata kama pumzi bado.

Mwambao Kilifi

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Nimefurahi huu uzi kwa vile sisi hapa Kilifi tumeishi na hawa watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, miaka mingi, wanatupima pua watoto mpaka tumezoea, ile kijiti cha pamba mtoto anapiga mayowe. Chanjo ya nimonia ilipokuja Kenya Januari 2011 huku kwetu walidunga hata watoto wakubwa kidogo chini ya miaka mitano, sio wachanga peke yao. Kabla ya hapo zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa wamembeba huyo nyumokokasi puani. Baadaye wakachapisha kwamba ule ugonjwa mkali wa nyumokokasi wa kuingia kwenye damu, kwa zile aina zilizo ndani ya chanjo, ulishuka asilimia 92 kwa walio chini ya miaka mitano. Na hata wasiochanjwa walipata nafuu kwa sababu mtoto hambebi tena hawezi kumpa nyanyake.

Sasa swali, chanjo hiyo ni ya bakteria. Je inasaidia kwa virusi ama hapana?

Benchi la Tatu

Mwambao umeuliza swali ambalo nilikuwa naliwekea akiba, asante sana.

Soweto, Afrika Kusini. Walifanya jaribio la chanjo ya nyumokokasi kwa watoto karibu elfu arobaini, nusu chanjo ya kweli nusu ya kulinganishia, na hakuna aliyejua nani kapata ipi mpaka mwisho. Shabir Madhi na Keith Klugman wakaenda hatua nyingine, wakawaangalia watoto waliolazwa na nimonia ambao walipimwa wakakutwa na VIRUSI, influenza, RSV (kirusi kinachoshambulia sana vifua vya watoto wadogo) na vingine, jumla aina saba. Chanjo ile haina chochote cha virusi ndani yake, haiwezi kugusa kirusi. Ila waliochanjwa kikamilifu walilazwa kwa nimonia zenye virusi pungufu kwa asilimia 31. Ilitoka 2004.

Kaa na hiyo namba kidogo. Kama kirusi kingekuwa peke yake ndo kinawalaza wale watoto, chanjo ya bakteria isingepunguza hata mmoja. Imepunguza karibu theluthi. Ina maana si wachache kati ya wale ambao faili lingeandikwa "nimonia ya virusi" nyuma yake alikuwepo nyumokokasi ambaye vipimo vya damu havikumwona, maana kumwotesha kutoka kwenye damu ya mtoto ni shida sana, wengi wanakosa. Mimi hii naiona ndo ushahidi mzuri kuliko yote kwa sababu ni watoto wa kweli sio panya, na ni Waafrika, mazingira kama yetu.

Liverpool nao wana kundi linawawekea watu wazima wa kujitolea matone ya nyumokokasi puani kwa makusudi, wanafuatilia, ikibidi wanawapa dawa. Wakiwapa ile chanjo ya mafua ya kupuliza puani, ambayo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, waliokuwa wamembeba nyumokokasi kinga yao ya puani na mapafuni kwa kirusi ikawa hafifu kuliko wasiombeba. Hapo bakteria katangulia na ameshaharibu jibu la mwili kwa kirusi. Blantyre Malawi nao wana kituo cha namna hiyo sasa.

Tanzania chanjo hii ilizinduliwa mwishoni mwa 2012, mtoto anachomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto wa mdogo wangu kadi yake ilikuwa na mbili, ya tatu walisafiri ikapita. Hilo nalo nilikuta wodini tulipoombwa kadi.

Mzee wa Tabora

Vijana nawasoma. Mimi ni mstaafu, nilifundisha historia. Mnataja influenza nikakumbuka 1918, mbona hamjaigusa? Ugonjwa ule ulikuja huku vita vya Wajerumani na Waingereza vinaisha. Wapagazi wetu waliokuwa wamebebeshwa mizigo kutoka pwani mpaka Rhodesia, ndio hao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, waliokufa kwa maradhi ni wengi kupita waliokufa kwa risasi, na mafua yaliwakuta tayari wamechoka, njaa, wanalala wamebanana. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi kwamba kirusi kiliwaua. Sasa ninavyokusoma naona huenda sikuwa sahihi?

Benchi la Tatu

Shikamoo mzee. Ulikuwa sahihi nusu, na hiyo nusu nyingine hata mabingwa wa dunia walichelewa kuikubali.

Wakati ule wengi waliamini mafua yanasababishwa na bakteria, kwa sababu Mjerumani Richard Pfeiffer alimtangaza 1892. Ndo maana mpaka leo yule bakteria anaitwa Haemophilus influenzae, jina la mafua limemganda na wala sio yeye anayeleta mafua. 1918 madaktari walimtafuta kwa wagonjwa, wengine wanamkuta wengine hawamkuti, wakachanganyikiwa. Kirusi kilipopatikana 1933 watu wakahamia upande wa pili moja kwa moja, bakteria akasahaulika.

Mwaka 2008 watafiti watatu wa Marekani, Morens, Taubenberger na Fauci, walirudi kwenye vipande vya mapafu vya askari 58 waliokufa 1918 na 1919, vilikuwa vimehifadhiwa kwenye nta miaka tisini, wakakata upya wakatazama kwa maikroskopu. Wakasoma na ripoti za zamani za uchunguzi wa maiti zaidi ya elfu nane. Karibu wote walikuwa na nimonia ya bakteria. Na wengi hawakufa siku za mwanzo, walikufa wiki moja na zaidi baada ya kuanza kuumwa. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Hao wapagazi wako mzee, watu waliobanana kambini wanapeana bakteria wa puani usiku kucha, halafu kirusi kikapita kikalaza fagio la kila mmoja. Nikifikiria hivyo naumia sana.

Nyundo Nzito

Nimesoma yote nimerudi nyuma kidogo. Lakini kama bakteria ndo wanaua si ndo sababu ya kuwahi antibayotiki mapema? Korona ilivyokuja kila mtu alipewa azithro, ile antibayotiki, na tukapiga nyungu.

Benchi la Tatu

Swali zuri, na inaonekana umesoma kweli.

Korona haikuwa kama 1918 kwenye hili. Uchambuzi mmoja wa 2020 uliojumlisha tafiti 24 ulikuta waliofika hospitali wakiwa na bakteria pamoja na korona ni kama asilimia 3.5 tu, lakini waliopewa antibayotiki ni karibu asilimia 72. Ona tofauti hiyo. Wakati mafua ya 2009, yale ya nguruwe, sampuli za watu 77 waliofariki Marekani zilionyesha 22 walikuwa na bakteria juu yake, zaidi ya robo. Kila kirusi kina tabia yake na wenyeji wake kifuani, huwezi kuchukua dawa ya ugonjwa mmoja ukaibandika kwa mwingine.

Na kuhusu kuwahi, mtoto wa mdogo wangu aliwahishwa siku ya pili. Huenda wakati huo bakteria hajaamka bado, dawa ikawapunguza wale walaini, ikaachwa, na siku fagio lilipolala kabisa dawa haikuwepo mwilini. Antibayotiki ya nimonia inaokoa, siipingi hata kidogo, wodini ndo iliyomtoa. Ila inataka ipewe wakati wa nimonia, kwa kipimo cha uzito wake, mpaka iishe.

Mama wa Nyegezi

Habari zenu, mimi huwa nasoma tu sichangii. Mwanangu ana miezi nane, mafua leo siku ya sita, jana alikuwa vizuri, usiku huu homa imerudi na anakataa titi. Nimefanya kama ulivyoelekeza nimehesabu mara mbili 56 na 57. Kifua sielewi kama kinabonyea, taa yetu ni hafifu. Nisubiri asubuhi?

Benchi la Tatu

Usisubiri dada. Kukataa titi peke yake kunatosha na pumzi imepita 50. Nenda sasa hivi, chukua kadi ya kliniki, mfunike ila usimbane kifua, endelea kumjaribisha titi njiani. Ukifika mlangoni sema "anapumua haraka na hanyonyi", maneno hayo wanayaelewa. Usimpe antibayotiki iliyobaki nyumbani.

Dirisha la Dawa

Mama wa Nyegezi kama usafiri ni shida andika hapa wa Mwanza wako wengi humu.

Mama wa Nyegezi

Jirani ana bajaji tunatoka.

Mwambao Kilifi

Mungu awatangulie. Mleta uzi, wakati tunangoja, nyumbani mtu afanye nini ili hao wenyeji wa puani wawe wale wazuri?

Benchi la Tatu

Ambacho kimeonekana kwa watoto wenyewe: wanaonyonya maziwa ya mama puani wana zaidi ya bakteria wapole, wale wanaokaa bila fujo, na huko Uholanzi watoto waliougua RSV vibaya walionekana kuwa na nyumokokasi na hemofilasi (yule Haemophilus wa Pfeiffer) wengi zaidi puani. Kwa hiyo kunyonyesha, chanjo zote tatu bila kuruka, kuosha mikono, kutomlaza mtoto chumba cha moshi. Moshi wa kuni unajaa ndani ya wale walinzi wa mapafu, huko Malawi waliwatoa wakawaangalia wakawakuta weusi ndani. Lakini niseme ukweli, walipogawa majiko bora huko Malawi kwa watoto zaidi ya elfu kumi nimonia haikupungua, labda kwa sababu moshi mwingine wa takataka na wa jirani uliendelea. Simwambii mtu anunue jiko atapona.

Dada wa Nyegezi ukipata nafasi tuambie.

Mama wa Nyegezi

Samahani kwa kukaa kimya siku mbili, simu iliisha chaji wodini. Tulipofika walimweka oksijeni usiku uleule, kipimo kilisoma 89. Nesi aliniuliza nilijuaje kuja usiku nikamwambia nilihesabu. Kachomwa sindano, leo wametoa oksijeni, wamesema kesho wakiridhika wanamhamishia vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, nimalizie nyumbani bila kuacha. Kwenye kadi, chanjo ya tatu ya nimonia haikuwepo, wamesema akipona nimpeleke.

Asubuhi hii kanyonya pande zote mbili kalala. Nimehesabu tena, 42.